Chokaa ya Bwawa la Samaki: Ipi, Kiasi Gani, Wakati Gani

Mkulima, huenda nawe ni mmoja wa wale waliochimba bwawa la samaki katika ploti yao. Tangu mwaka wa 2009, Serikali ilipoanza kusaidia uchimbaji wa mabwawa ya mita mraba 300 katika sehemu nyingi za nchi, watu wengi wa skimu wamejaribu kazi hii. Mabwawa mengine yangali yanatoa samaki mpaka leo. Mengine yamekuwa makao ya vyura. Ukiuliza sababu utaambiwa juu ya bei ya chakula cha samaki, juu ya ndege, na juu ya wezi wa usiku. Yote hayo ni kweli. Lakini iko sababu nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni kwamba maji yenyewe yana njaa ya chokaa, au yametiwa chokaa isiyofaa.

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu asubuhi na mapema, miguu ikiwa na matope. Bwawa lake lilikuwa na tilapia waliokuwa karibu kuuzwa, na fedha zake zilikuwa zimekwisha kupangiwa karo ya shule. Alikuwa amesikia katika baraza kwamba maji yenye tindikali yatiwe chokaa. Akaenda dukani, akanunua mifuko miwili ya kilo 25 ya chokaa ile ya kupaka nyumba, akaimwaga yote bwawani jioni. Kulipokucha samaki walikuwa wameelea, matumbo juu.

Akaniuliza, “Mwalimu, kwani chokaa si chokaa?”

Sikuwa na jibu fupi la kumpa, na siku ile halingemsaidia. Somo hili ni jibu refu la swali lake.

MAJI YANAHITAJI NINI

Katika jambo hili kuna vitu viwili, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kalsiamu, yaani yale madini yanayojenga mifupa na magamba ya samaki, na yanayosaidia mayai na vifaranga kupata nguvu. Cha pili ni alkali. Alkali ya maji ni akiba ya kupigana na tindikali. Mtu mwenye debe kumi za mahindi ghalani akidaiwa debe moja hatikisiki. Mwenye debe moja tu akidaiwa hilo moja, watoto wake watalala njaa. Maji nayo ni hivyo hivyo.

Deni la tindikali hutoka wapi? Hutoka katika udongo, katika mvua nyingi inayoosha ardhi, katika majani yanayooza, na zaidi katika pumzi. Usiku samaki, vidudu, na mimea yote midogo ya majini hupumua na kutoa hewa ya kaboni, ambayo ikiingia majini huyafanya yawe na tindikali. Mchana mimea ile huila hewa hiyo kwa msaada wa jua, na tindikali hupungua. Kwa hiyo kila siku maji ya bwawa hushuka na kupanda.

Wataalamu hupima kushuka na kupanda huko kwa kipimo cha pH. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni upande wa tindikali, juu yake ni upande wa alkali. Samaki wetu hustawi kati ya 6.5 na 9. Bwawa lenye akiba nzuri ya alkali huenda likawa 7 na nusu alfajiri na 8 na nusu alasiri, na samaki hawasumbuki. Bwawa lisilo na akiba laweza kuwa 6 alfajiri na kuvuka 9 siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Samaki anayeishi hivyo kila siku hali vizuri na hakui.

Akiba yenyewe hupimwa kwa miligramu katika kila lita ya maji. Ikiwa chini ya 20, bwawa lina upungufu, na mbolea utakayotia itapotea bure, kwa kuwa tope lenye tindikali huishika fosfati na kuinyima mimea. Ikifika 40 au zaidi, mfugaji anaweza kupumua. Dalili unayoweza kuiona kwa macho ni hii: umetia samadi kama ulivyofundishwa, wiki zimepita, jua limewaka, na maji hayageuki kuwa ya kijani. Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi na udongo mwekundu, kama vile Kisii, Kericho na miteremko ya Nyandarua, jambo hili ni la kawaida.

CHOKAA NI ZAIDI YA MOJA

Ukitaka kuelewa ukoo wa chokaa, fikiri juu ya nyumba za kale za Lamu na Mombasa. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Tumbawe ni kazi ya wanyama wadogo sana wa baharini, ambao hutoa kalsiamu na alkali ndani ya maji ya chumvi na kuzigeuza kuwa jiwe. Mafundi wa Pwani waliyachoma mawe hayo kwa kuni nyingi. Moto ulifukuza hewa ya kaboni iliyokuwa ndani ya jiwe, ikabaki chokaa kali isiyozimwa. Wakaimwagia maji, ikachemka, ikawa chokaa iliyozimwa. Wakaipaka ukutani, nayo polepole ikavuta tena hewa ya kaboni kutoka angani, ikarudi kuwa jiwe.

Basi hapo una chokaa tatu kutoka jiwe moja: jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, chokaa isiyozimwa, na chokaa iliyozimwa. Ya kwanza ndiyo tunayoita chokaa ya shamba. Hapa kwetu mawe yake hupatikana si Pwani peke yake, bali pia Koru, Athi River na kwingineko. Yako pia mawe ya namna ya dolomaiti, yenye kalsiamu pamoja na magnesiamu, ambayo hufanya kazi karibu sawa na chokaa ya shamba.

Tofauti yao kubwa ni nguvu na mwendo. Kazi ya kilo 100 za chokaa safi ya shamba hufanywa na kilo 74 za chokaa iliyozimwa, au kilo 56 tu za chokaa isiyozimwa. Mkulima akisikia hesabu hii huona kwamba ile kali ni nafuu, kwani mzigo wa kubeba ni mdogo. Hapo ndipo makosa yanapoanza. Chokaa ya shamba haiyeyuki ovyo. Huyeyuka pale tu inapokutana na hewa ya kaboni ndani ya maji na tope, na tindikali ikiisha, nayo husimama. Hata ukizidisha mfuko mmoja, ziada italala chini ikingoja, na samaki hawatadhurika. Chokaa iliyochomwa haingoji kitu. Huyeyuka mara moja, na pH ya maji yaweza kuruka hadi 11 kwa saa chache. Hapo matamvuko ya samaki huungua. Tena, maji yakiwa na pH ya juu, ile amonia itokayo katika kinyesi chao hugeuka kuwa sumu kali zaidi. Mifuko miwili ya Mzee katika bwawa lake la mita mraba 300 ilitosha kabisa kwa maangamizi hayo.

Nisimulie kidogo juu ya watu wa mbali, maana mambo yao yanatufundisha. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga matumbawe hai ndani ya matangi ya kioo nyumbani, na kila siku matumbawe hayo humaliza kalsiamu na alkali ya maji. Wengine hutia maji ya chokaa iliyozimwa, lakini tone kwa tone, tena mara nyingi usiku wakati pH iko chini. Wengine huweka vipande vya tumbawe kavu ndani ya chombo na kupitisha hewa ya kaboni iliyonunuliwa katika mtungi, ili jiwe liyeyuke polepole. Wengine hutumia chupa mbili, moja ya kalsiamu na moja ya alkali. Mkulima hawezi kukaa bwawani akihesabu matone, wala hana haja ya kununua mtungi wa hewa. Tope la bwawa lake hutoa hewa ya kaboni mchana na usiku bila malipo. Kwa hiyo jiwe lililosagwa ndilo linalomfaa.

Neno langu basi ni hili: bwawa likiwa na samaki, tumia chokaa ya shamba au dolomaiti tu. Chokaa iliyochomwa ina kazi yake, nayo ni kusafisha sakafu ya bwawa lililokaushwa, kuua wadudu, magonjwa, na samaki wa mwituni waliobaki kwenye madimbwi ya tope. Kwa kazi hiyo gramu 100 hadi 200 za chokaa iliyozimwa kwa kila mita mraba zatosha, yaani kilo 30 hadi 60 kwa bwawa la mita mraba 300. Kisha jaza maji, ngoja muda wa siku 10 hadi 14, na usitie vifaranga mpaka umepima na kuona pH imeshuka chini ya 9. Unapoishika funika pua na macho, vaa glavu, simama upande upepo utokako, na usiwaruhusu watoto kusogea. Ile isiyozimwa isiwekwe mahali panapovuja, kwa kuwa ikilowa hupata moto mkali hata kuweza kuunguza ghala.

JARIBIO LA LIMAU

Mfuko usio na maandishi usiuamini. Weka kijiko kimoja cha unga wa chokaa katika kikombe cha udongo au cha kioo, kisha kamulia limau, uso wako ukiwa mbali. Chokaa ya shamba itatoa povu na kuchemka kama soda iliyotikiswa, kwa kuwa tindikali ya limau inafukuza hewa ya kaboni iliyomo. Dolomaiti nayo hutoa povu, ila kidogo na polepole. Chokaa iliyozimwa, ikiwa bado mpya, haitoi povu. Isiyozimwa itapata joto hata kwa maji matupu. Chokaa iliyozimwa ambayo imekaa dukani muda mrefu huweza kutoa povu kidogo, kwa sababu imeanza kurudi kuwa jiwe. Basi jaribio hili likusaidie kumhoji mwenye duka, lisiwe hakimu wa mwisho.

Angalia pia usagaji. Sugua chokaa ya shamba kati ya vidole. Ikiwa laini kama unga wa ngano, itafanya kazi upesi. Ikiwa kama mchanga, utakuwa umelipia mawe yatakayolala chini ya tope kwa miaka.

KIASI

Kiasi hakikisiwi. Hutokana na udongo wa sakafu ya bwawa kuliko maji yaliyo juu yake, kwa kuwa udongo ndio mdai mkubwa. Bwawa likiwa kavu, chukua udongo wa juu, unene wa vidole vitatu hivi, kutoka mahali kumi au zaidi. Uanike kivulini, uupondeponde, uuchanganye, kisha utie kilo moja katika mfuko safi na kuupeleka kupimwa. Maabara ya KALRO pale Kabete hupima udongo wa wakulima, na Bwana Shamba wako aweza kukueleza mahali pa karibu zaidi.

Ukipata jibu, tumia hesabu hii kwa bwawa la mita mraba 300 na chokaa ya shamba. Ikiwa udongo ni wa mfinyanzi mzito na pH yake ni kati ya 4.6 na 5.0, utahitaji kilo 270 hivi. Ikiwa kati ya 5.1 na 5.5, kilo 160, yaani mifuko mitatu ya kilo 50 na zaidi kidogo. Kati ya 5.6 na 6.0, kilo 110. Kati ya 6.1 na 6.5, kilo 55. Ikizidi 6.5, weka fedha zako mfukoni. Udongo wenye mchanga kiasi unahitaji kidogo zaidi ya hapo: kwa pH ya 4.6 hadi 5.0 kilo 135 zatosha, na kwa 5.1 hadi 5.5 kilo 110. Bwawa likiwa la mita mraba 150, gawa kwa mbili.

Nimeandika “kidogo zaidi ya hapo” nikimaanisha pungufu. Msomaji asije akaongeza.

Bwawa likiwa kavu, mwaga chokaa sakafuni pote na kwenye kingo zake za ndani, isiachwe sehemu yoyote, kisha ichanganye na udongo wa juu kwa jembe kabla ya kuingiza maji. Hii ndiyo njia bora. Kama samaki wamo, loweka chokaa ya shamba katika pipa la maji, koroga, na uinyunyize juu ya bwawa lote kwa ndoo, ukizunguka. Usiirundike mlangoni mwa maji ukidhani itajisambaza yenyewe.

Baada ya hapo ngoja wiki mbili kabla ya kutia samadi au mbolea ya dukani. Ukitia fosfati siku moja na chokaa, kalsiamu itaishika fosfati na kuizamisha, nawe utakuwa umetupa vitu viwili kwa mkono mmoja. Wiki ya nne pima akiba ya alkali. Ikiwa bado chini ya 20, ongeza nusu ya kiasi ulichotia mwanzo.

Bwawa lenye maji yanayopita mchana kutwa haliwezi kutunza chokaa. Mtoni huko chini ndiko watakakofaidi. Ziba kwanza, na uongeze maji ya kufidia yaliyokauka tu. Bwawa lisilovuja hukaa na chokaa yake miaka kadhaa, nawe utaongeza kama robo ya kiasi cha kwanza kila mwaka.

PALE CHOKAA ISIPOFAA

Si kila bwawa la nchi hii linahitaji chokaa. Katika sehemu za Bonde la Ufa maji ya visima virefu yana alkali nyingi tayari, lakini kalsiamu yake ni haba, kwa kuwa alkali hiyo imeshikana na sodiamu. Ukifua nguo kwa maji hayo sabuni hutoa povu upesi. Maji yenye kalsiamu nyingi huigomea sabuni na kuacha uchafu mweupe kwenye beseni. Mtu wa huko akitia chokaa ya shamba haitayeyuka, na alasiri pH ya maji yake itazidi kupanda, maana hakuna kalsiamu ya kuizuia.

Dawa yake ni jasi, ambayo madukani huitwa jipsamu. Jasi huleta kalsiamu bila kuongeza alkali. Kwa bwawa la mita mraba 300 lenye kina cha mita moja, kilo 26 za jasi safi huongeza ugumu wa maji kwa miligramu 50 katika lita. Hapa jaribio la sabuni halitoshi peke yake, kwa kuwa maji ya Kisii nayo hutoa povu zuri la sabuni, lakini hayana kalsiamu wala alkali. Ni lazima vyote viwili vipimwe.

Mama mmoja aliniuliza kama magadi ya jikoni yanaweza kutumika. Swali lilikuwa zuri. Magadi huleta alkali bila kalsiamu, kinyume cha jasi, na hupandisha pH upesi. Wako tilapia wadogo wanaoishi katika Ziwa Magadi lenyewe, kwenye pH ya karibu 10, lakini hao wameumbika kwa maisha hayo, na hutoa uchafu wa miili yao kwa njia isiyo ya samaki wengine. Wa bwawani kwako hawaliwezi jambo hilo. Jivu la kuni nalo lina alkali na kalsiamu, ila nguvu yake hutegemea mti na moto, kwa hiyo lifae sakafu kavu, lisimwagwe juu ya samaki.

Yule Mzee alikausha bwawa, akapeleka udongo kupimwa, na jibu likawa 5.4. Amenunua mifuko yake mitatu na nusu, safari hii baada ya kuikamulia limau mbele ya mwenye duka.

Ukitaka maji yako yapimwe, chukua chupa safi iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya bwawa lenyewe, izamishe hadi kiwiko, ijaze pomoni pasibaki hewa, uifunge ingali ndani ya maji. Andika jina lako, namba ya ploti, na saa uliyoyateka. Ilete siku hiyo hiyo.